Bomba la Mita Mbili

Ukitaka kujua maji yanavyopimwa, usiende kumuuliza mtu wa ofisi mwenye kalamu tatu mfukoni. Hapa Mikelenge, mtaa wetu wa Kindu, aliyeyajua maji alikuwa Mwavita binti Musafiri, na huyo hakuwahi kushika kalamu. Alikuwa mchota maji. Miaka kumi na tisa alishuka mtoni Lualaba na kupanda, ndoo kichwani, na kazi yake kubwa ilikuwa kujaza mapipa matatu ya msikiti, yale ya kutawadhia. Alijua mzee hutumia makopo mangapi, na kijana mwenye haraka mangapi, na yule fundi cherehani wa njia ya stesheni ambaye hutawadha utadhani anaoga. Akisimama mbele ya pipa tupu angekuambia bila kuinama: ndoo kumi. Ukiimimina ya kumi, maji yanafika ukingoni, hayazidi hayapungui.

Alikuwa mwembamba, shingo imekakamaa kwa mizigo, ulimi mkali. Mumewe alikwenda Punia kuchimba madini, akanogewa huko, akaoa huko, na habari zake zikaishia huko huko. Mwavita hakumlilia hata siku moja. Alibaki na binti mmoja, Aziza, na mtaa wote ukamwita Mama Aziza. Kwa mtoto huyo tu ndipo ulimi wake ulipolainika.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo damu inapoanza kuchemka, yake na yangu mimi ninayesimulia.

Mwaka ule Maniema ilipotengwa na Kivu ikawa mkoa wa peke yake, Kindu ikapanda cheo na Kinshasa ikatoa feza. Feza ya Serikali, kwa barabara, kwa shule, kwa maji. Sisi wa Mikelenge tukapangiwa bomba: mita mia nane za chuma, kutoka tangi la juu hadi kwenye uwanja ulio karibu na msikiti. Mabomba yakafika kwa treni. Tuliyaona kwa macho yetu, wala si hadithi ya kuambiwa. Wanawake walicheza pale stesheni mpaka vumbi likawakaa kwenye nyusi. Aziza alipanda juu ya rundo, akatia mdomo kwenye tundu la bomba moja akaita, "Mama!" Sauti ikatokea upande wa pili, nene, ya kuchekesha. Mwavita alicheka mpaka kilemba kikamvuka.

Aliyepewa kusimamia kazi hiyo aliitwa Okito. Sitwayen Okito, yaani raia Okito, ndivyo ilivyokuwa lazima kumwita mtu enzi zile za chama kimoja, yeye na suti yake ya abakosi ya kijivu iliyopigwa pasi na beji ya chama kifuani. Alisimama juu ya sanduku mbele yetu sote akasema, "Mbele ya Ramazani kufika, hakuna mutoto wa Mikelenge atashuka tena kule mutoni!" Tukapiga makofi. Wajinga sisi.

Ramadhani ikaja, ikaenda. Kule stesheni rundo likawa linapungua, mabomba kumi leo, kumi keshokutwa. Ukiuliza unaambiwa yamepelekwa kupakwa rangi. Rangi! Ukweli tuliusikia baadaye kwa wachimbaji wenyewe waliotoka Punia: mabomba ya Mikelenge yamelala msituni kule, yanasukuma maji ya kuoshea madini ya watu. Na huku Okito amejenga nyumba ya mabati mapya na sakafu ya simenti inayong'aa.

Mwezi wa saba tangu bomba la mwisho liondoke stesheni, Aziza alishuka mtoni asubuhi na galoni lake la lita tano. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Chini ya mteremko kuna jiwe bapa, na watoto wote huchota pale. Mamba alimchukua pale pale. Hapakuwa na kelele ndefu. Wenzake walisema alitoa sauti moja tu, "Eh!", sauti ya mtu aliyekanyagwa mguu sokoni, halafu galoni likabaki linaelea. Mwavita aliletewa galoni. Mwili haujaonekana mpaka leo.

Okito alikuja matangani. Alileta gunia la mchele, akakaa kwenye kiti alichotandikiwa, akasema, "Ni mapenzi ya Mungu, mama." Mwavita akamtazama kuanzia viatu mpaka beji, asijibu kitu. Watu walidhani huzuni imemfunga mdomo. Huzuni ilikuwapo, ndiyo, lakini aliyefunga mdomo alikuwa yeye mwenyewe. Pale pale kwenye mkeka, wanawake wamemzunguka, alikula kiapo moyoni: Wewe mwanamume, nitakushusha mtoni kwa miguu yako. Mchele ule hakuupika. Aliwamwagia kuku wa jirani mbele ya mlango, punje zote, na kuku wakashiba siku tatu.

Mwaka ukapita. Halafu siku moja akaja Philomène, jirani na shoga yake. Kwenye karatasi za Serikali alikuwa na jina lingine, maana majina ya kizungu yalikatazwa, lakini mtaani nani anajali. Binamu yake alikuwa akipiga mashine ofisini, kwa hiyo habari za wakubwa zilimfikia zikiwa bado moto.

"Mama Aziza, umesikia? Komisere, mukubwa wa mukoa, anakuja kupokea bomba."

"Bomba gani?"

"Njo hiyo! Okito amejenga nguzo ya simenti pale mbele ya lupango yangu, nje ya fensi, na midomo miwili ya shaba. Nyuma, kwangu, ameweka pipa juu ya matofali. Kati yake ni bomba ya mita mbili tu, imepenya fensi ya matete. Mita mbili, dada! Amenipa kitenge ninyamaze."

"Na huyo Komisere akiona mayi inatoka?"

"Atasaini karatasi kwamba kazi imekwisha. Ikisainiwa inakwenda Kinshasa, wanafunga dosye, faili yote. Hatutaona bomba tena, siye na wajukuu wetu. Na Okito wanamupandisha, anakwenda Bukavu kuwa mukubwa wa kazi za mukoa muzima wa kule."

Mwavita alikuwa akisafisha ndoo kwa mchanga. Mkono ukasimama. Kwa hiyo ndivyo ilivyo, akawaza. Saini moja, na mtu huyu anaondoka msafi, anapanda ndege, na sisi tunabaki na jiwe bapa. Akaendelea kusugua, safari hii kwa nguvu mpaka ndoo ikalia.

Kesho yake Okito mwenyewe akamjia. Ndiyo, mlangoni kwake! Utasema ni ujasiri. Hapana. Mtu yule alikuwa amesahau. Mtoto wa mwenzako ameliwa na mamba, na wewe umesahau nyumba ni ipi. Kwake yeye gunia lile la mchele lilikuwa limemaliza maneno. Alimjia Mwavita kwa sababu hakuna mwingine mjini aliyeweza kujaza pipa kwa saa moja.

"Mama," akasema, hata jina la mtoto hakulitaja, "weye njo unajua mayi. Nataka pipa moja ijae, pale kwa Philomène. Na mudomo ufungwe."

"Pipa moja tu, sitwayen?"

"Mukubwa atanawa mikono, atakunywa kilauri moja ya mayi, atasaini, tutakwenda kula. Pipa moja inatosha na kubaki."

"Siku gani?"

"Ijumaa. Ndege yake inarudi toka Kinshasa Ijumaa. Saa tatu asubuhi njo karamu."

Mwavita alishusha macho haraka, uso usije ukamsaliti. Ijumaa! Mtu amekaa miaka kumi na miwili hatua hamsini kutoka msikitini, anaamshwa na adhana kila alfajiri ya Mungu, na bado Ijumaa kwake ni siku ya ndege tu. Tena saa tatu. Tangu azaliwe Mwavita hajamwona mkubwa aliyefika saa aliyosema.

"Nitajaza," akasema. "Ndoo kumi, sitwayen. Haitapunguka hata kidogo."

Mtu yule alipoondoka, Mwavita akavuka kwa Philomène. "Sikiliza. Siku ile ukiitwa ulete ndoo ya mayi, ndoo zako zote zimepasuka."

"Mbona hazijapasuka?"

"Zitapasuka."

Philomène akamtazama, akatabasamu polepole, akasema kile kitenge kwanza rangi yake ilikuwa mbaya.

Sasa likabaki jambo moja, na hilo ndilo lililomtoa kijasho. Alhamisi alasiri akaenda kwa Shehe Abedi, imamu wa msikiti, mzee mwenye ndevu chache na masikio makubwa. Akapiga magoti mlangoni.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kusema kwamba kesho mapipa ya musikiti nitaacha kuyajaza."

"Marahaba, mwanangu. Unaumwa?"

"Hapana. Serikali imetuletea bomba. Hatua arobaini kutoka hapa. Nimesema moyoni, mbona nijisumbue? Waumini waje na mabirika yao, wachote kwenye bomba ya Serikali. Njo wajibu wetu kushukuru."

Shehe Abedi akatupa jicho nje, upande wa kwa Philomène. Alikuwa mzee, hakuwa mjinga. Matete ya fensi ya Philomène hata kipofu angeona yanaficha kitu.

"Mwavita," akasema, "udhu si fimbo ya kumupigia mutu."

"Najua, mzee. Na mutoto wangu hakuwa chambo ya samaki."

Mzee akainamisha kichwa. Yeye ndiye aliyesoma dua ya Aziza mbele ya galoni tupu, kwa kuwa hapakuwa na mwili wa kusomea.

"Sitasema uongo," akasema mwishowe, "na sitamutuma mutu kusema uongo. Lakini kama mapipa ni matupu, waumini watakwenda penye mayi. Mimi sijui kitu kingine."

"Ahsante, mzee. Usijue."

Ijumaa alfajiri Mwavita akashuka mtoni mara kumi, akajaza pipa la Okito mpaka ukingoni. Okito akachungulia, akapiga kifua, akampa ujira wake. Jua likapanda. Saa tatu ikafika, na hapo Mwavita akaanza kulitazama jua kila dakika. Je, kama huyu wa leo ndiye mkubwa wa kwanza duniani kufika kwa wakati? Wanawake wa chama walikuwa wamekwisha panga mistari, vitenge sare, wakiimba kusifu. Saa nne. Saa tano. Viti vya wakubwa vikapata moto, hakuna wa kukalia. Okito akapangusa jasho na Mwavita akapangusa la kwake, kila mmoja akiomba dua yake, na dua zenyewe hazikufanana.

Saa sita kasoro robo ndipo gari likatokea. Komisere akashuka, mnene, kofia ya ngozi ya chui, nyuma yake mpiga picha. Oye! Oye! Makofi, nyimbo, hotuba. Okito akasoma karatasi mbili nzima juu ya feza ya Serikali iliyofanya kazi yake, mita mia nane chini ya ardhi, maji safi kwa vizazi. Alisema "mita mia nane" mara nne. Mwavita alikuwa amesimama mbele kabisa, mikono kifuani, akihesabu.

Komisere akafungua mdomo wa kwanza. Maji yakatoka, puuu, yanametameta! Akanawa. Akanywa kilauri. Picha. Makofi. Meza ikaletwa, karatasi ikatandazwa, kalamu ikatolewa kifuniko. Na hapo hapo, kutoka msikitini, adhana ikalia.

Wakaja. Kanzu nyeupe tupu, kofia, kila mtu na birika lake mkononi, na mbele yao Shehe Abedi. Akainama kwa adabu zote.

"Kwa ruhusa yako, Mukubwa. Saa ya sala imefika na mapipa yetu ni matupu. Tunaomba kuchota kwenye bomba ya Serikali."

Uso wa Okito ukabadilika rangi. "Mukubwa, karatasi kwanza, halafu wao..."

"Acha, sitwayen, acha!" Komisere alikuwa amefurahi kupita kiasi. "Njo hii nataka Kinshasa waone. Raia na mayi yao! Wewe wa picha, kuja hapa. Nitasaini nyuma yao, wakimaliza." Akafungua midomo yote miwili kwa mkono wake mwenyewe.

Mistari miwili ikaanza kusonga. Birika linajaa, mtu anasogea pembeni, anachuchumaa, anaosha viganja, kinywa, pua. Mwingine. Mwingine. Yule fundi cherehani alijaza birika lake, akalimaliza, akarudi mstarini. Mungu ambariki! Mwavita midomo ilikuwa ikichezacheza. Kumi na nane. Ishirini na tano. Birika moja lita nne, na nyingine zinazomwagika chini, anazijua zote. Thelathini. Hapo uzi wa maji ukaanza kukonda.

Okito akamkaribia kwa nyuma, akamnong'oneza. "Mama, kimbia. Ndoo mbili tu. Mbio! Nitakupa chochote."

Mwavita akageuka. Wala hakunong'ona.

"Kukimbia wapi, sitwayen? Mutoni? Si bomba iko?"

Watu wa karibu wakageuka. Komisere naye akageuka. Okito akacheka kicheko kikavu, akapaza sauti, "Philomène! Lete ndoo!" Philomène akatoa kichwa mlangoni, uso wa mtoto mchanga, akasema ndoo zake zote zimepasuka, tena zimepasuka leo leo.

Thelathini na tisa. Arobaini. Shehe Abedi alikuwa amewatanguliza watu hao arobaini, na sasa zamu ikawa yake. Akatega birika. Tone. Tone. Bomba likakohoa hewa, halafu kimya. Nyuma yake bado walisimama watu sabini na ushee, mabirika mikononi.

"Mukubwa," akasema mzee kwa upole, "mimi bado sijatawadha."

"Fungua zaidi," akasema Komisere.

"Iko wazi yote," akasema mzee.

"Ni presha," akasema Okito. "Presha ya tangi, Mukubwa, inatokea..."

"Mita mia nane," akasema Mwavita. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayeagiza chumvi. "Mukubwa, uzifuate. Zinaanzia nyuma ya ile fensi, na zinaishia nyuma ya ile fensi."

Komisere hakuwa mtu mwema kuliko wengine, tusidanganyane. Lakini alikuwa amekunywa kilauri mbele ya mpiga picha, na sasa watu mia mbili walikuwa wakimtazama. Akatembea mwenyewe, akasukuma matete kwa mguu. Fensi ikalala. Pipa likaonekana limekaa juu ya matofali yake, tupu, na kile kipande cha bomba kimetoka ubavuni. Kwanza akacheka mwanamke mmoja. Kisha uwanja mzima ukalipuka, na wale wa chama waliokuja kuimba kusifu wakacheka kuliko wote.

Karatasi haikusainiwa. Komisere aliichana vipande vinne, na kwa mkono ule ule akaing'oa beji kifuani pa Okito. Akamwuliza mabomba yako wapi, akajibiwa kwa kigugumizi, Punia. "Vizuri," akasema. "Kazi umefukuzwa. Mabomba utayarudisha kwa feza yako. Na mpaka yarudi, kila Jumamosi ya salongo, kazi ya bure ya raia wote, wengine wakifyeka majani, weye utajaza pipa hii kwa kichwa chako. Askari jandarmu atakusimamia. Na huyu mama atapima." Akapanda gari. Hakula.

Mwavita akamletea Shehe Abedi birika moja alilokuwa amelificha kwa Philomène tangu alfajiri. Mzee akalipokea, akatawadha.

Jumamosi ya kwanza mtaa wote ulikuja kutazama. Okito bila abakosi, kaptura na fulana, ndoo kichwani inamlowesha mpaka magotini. Jandarmu amekaa kivulini anavuta sigara. Mwavita amekaa kwenye kigoda karibu na pipa, akinyoosha kidole tu: bado. Kwa saa nne nzima yule mtu alipanda na kushuka. Ndoo ya kumi ilipoingia, alijishika kiuno, akasema, "Imejaa, mama." Mwavita akanyanyuka, akafungua midomo yote miwili ya bomba, akarudi kukaa. Maji yakamwagika uwanjani, yakafanya tope, yakapita kati ya miguu ya Okito. Wawili hao wakatazamana mpaka tone la mwisho.

"Rudi," akasema Mwavita. "Haijajaa."

Ah, utamu wake! Nisikufiche, nasi tulipiga vigelegele. Mwaka mzima na miezi alikuwa ameungojea utamu huo, na aliufyonza wote.

Lakini Philomène hakupiga kigelegele. Alimshika bega. "Mama Aziza. Tazama."

Kulikuwa na watoto. Tangu asubuhi walikuwa wamepanga makopo yao kwenye mstari, tisa au kumi, wakisubiri kuchota kwenye pipa lililojaa. Sasa walikuwa wanaokota makopo, mmoja mmoja, wanashika njia ya mteremko. Wa nyuma alikuwa mtoto wa kike mwenye galoni la lita tano. Maji aliyoyamwaga Mwavita ndiyo yaliyowatuma mtoni.

Mwavita aliinuka kigoda kikaanguka. Alishuka mteremko ule mbio, mwanamke wa miaka arobaini na mitano, akipiga kelele, "Simama! Simameni nyote!" Akawafikia watoto wakiwa hatua tatu kutoka kwenye jiwe bapa. Akasimama mbele yao, mikono ameitanua, kifua kinapanda na kushuka, na machozi ambayo hakuna aliyewahi kuyaona yanamtoka mbele ya watu wote. Okito alikuwa nyuma, na ndoo yake. Alikuwa akichota juu kidogo, penye maji ya kina kifupi. Hakuwahi kulisogelea jiwe lile.

"Weye," akasema Mwavita. "Ingia."

"Wapi, mama?"

"Pale. Kupita jiwe. Upande wa kilindi. Simama, mayi ifike kiunoni. Watoto watachota nyuma yako."

Okito akamtazama jandarmu. Jandarmu akatazama sigara yake.

"Mama, kuna mamba pale."

"Iko," akasema Mwavita. "Mi najua."

Akaingia. Magoti, mapaja, kiuno. Alisimama ameupa mgongo ufuko, mikono juu kidogo ya maji, anatazama mto mpana uliokuwa ukipita, na meno yake yalikuwa yakigongana hata tukayasikia. Watoto wakachota nyuma yake, kopo kwa kopo. Mwavita akasimama juu ya jiwe mpaka wa mwisho akapanda. Ndipo akamwambia atoke, ajaze pipa. Na lile pipa hakulimwaga tena. Watoto walichota hapo mpaka jioni.

Jumamosi tisa. Kila Jumamosi Okito aliingia kwanza mtoni, asubuhi, kama fensi, ndipo ajaze pipa. Ya nne ilipopita, mabati mapya ya nyumba yake yakashuka yakauzwa. Ya sita, ile seti ya viti vya velveti. Ya tisa, lori lilitoka Punia limejaa tope mpaka madirishani na mabomba yetu nyuma, yamekwaruzwa, mengine yamepinda, lakini yetu. Vijana wakachimba mtaro kwa salongo, na hakuna aliyelazimishwa.

Siku maji ya kweli yalipotoka hapakuwa na mkubwa wala mpiga picha. Mwavita alikuwa wa kwanza kutega ndoo. Okito alikuja akasimama kando, amekonda, kofia mkononi, akangoja ijae nusu.

"Mama Aziza," akasema. Ndiyo mara ya kwanza kumwita hivyo. "Mayi iko. Nimerudisha yote. Sasa unisamehe."

Mwavita hakuinua uso. Alisubiri ndoo ifike ukingoni, akafunga bomba.

"Mayi iko, nimeona," akasema. "Na Aziza, iko?"

Okito alisimama pale na kofia yake. Mwavita akajitwika ndoo akaenda kujaza mapipa ya msikiti.